Fuata karatasi yako: jibu kwa karani wa forodha wa Tabata

SWALI: Shikamoo Mama. Nina miaka 29, naishi Tabata, nafanya kazi kwenye kampuni ya uwakala wa forodha, ofisi ziko Kurasini. Mimi ni karani wa nyaraka. Kutwa nzima napokea ankara na hati za shehena, naandaa kadhia (matamko ya mizigo kwa forodha) na kuziingiza kwenye mfumo, nafuatilia D.O. (hati ya kuruhusu mzigo utolewe) kwa kampuni za meli, naskani, nafaili. Mwaka huu uongozi umebandika ukutani lengo jipya: kuwa kampuni kinara ya forodha na usafirishaji Afrika Mashariki na Kati ifikapo 2030. Sasa HR ametupa fomu za tathmini, na kuna kisanduku kinasema: "Eleza jinsi majukumu yako ya kila siku yanavyochangia lengo la kampuni." Changu kina wiki mbili kitupu. Mwenzangu aliandika "nafanya kazi kwa bidii na weledi", akarudishiwa. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya serikali, ananiambia hata kwao kwenye PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, ni hivyo hivyo, jaza tu yaishe. Lakini mimi jambo hili limenikaa rohoni. Hivi kazi yangu ina uhusiano wowote na lile bango, au mimi ni mtu wa kuchapa tu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako ina maswali mawili. La kwanza ni la kisanduku, na nitakujibu mpaka kwenye sentensi yenyewe ya kuandika. La pili umeliweka mwishoni, kama mgeni aliyekwisha kuaga halafu akakumbuka jambo akiwa mlangoni. Hilo la mlangoni ndilo lililokufanya uandike, kwa hiyo naanza nalo.

Mimi nilianzia masjala. Ilikuwa ofisi ya umma hapa hapa mjini, na nilikuwa mdogo kuliko wewe. Kazi yangu ilikuwa kupokea barua, kuigonga muhuri wa tarehe, kuipa namba ya folio na kuiweka kwenye jalada la mhusika. Barua zilipokuwa nyingi nilizitia kwenye boksi chini ya meza, nikijiambia nitazipanga Ijumaa. Ijumaa ikifika kunatokea jingine. Siku moja akaja mzee mmoja, mhudumu mstaafu, ambaye alikuwa akifuatilia mafao yake kwa miezi. Jalada lake lilikosa nakala ya barua ya kuthibitishwa kazini, iliyokuwa imeombwa kutoka kituo chake cha kwanza mkoani, na bila barua ile hesabu ya utumishi wake haikuweza kukamilika. Kila alipokuja aliambiwa haijafika. Siku ile, sijui kwa nini, niliinama nikapekua lile boksi. Barua ilikuwemo. Ilikuwa na muhuri nilioupiga kwa mkono wangu, tarehe ya wiki saba nyuma.

Mzee yule hakunitamkia neno baya. Aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, akaniuliza kama anaweza kukaa kidogo kwenye benchi kabla ya kuondoka.

Ukutani kwetu palikuwa na maandishi kuhusu huduma bora kwa wananchi. Niliyapita kila asubuhi na hayakuwahi kunieleza lolote kuhusu boksi lililokuwa chini ya meza yangu. Aliyenieleza ni yule mzee. Tangu hapo, katika miaka yangu yote ya kazi za utumishi, nimeshika njia moja, na ndiyo ninayokupa: uhusiano wa kazi yako na lengo kubwa usiutafute kwa kulikodolea macho bango. Ifuate karatasi yako inapoondoka mezani kwako, mkono hadi mkono, mpaka umfikie mtu ambaye maisha yake yanategemea ilivyoandikwa.

Kuhusu lile bango, nataka kwanza nikuondolee lawama. "Kampuni kinara" ni kinara wa nini? Wa wingi wa kontena? Wa faida? Wa haraka? Wa kuaminika? Sentensi haisemi, ndiyo maana huioni nafasi yako ndani yake. Hata mkurugenzi wako akiambiwa aeleze kazi yake ya Jumanne asubuhi inavyoingia kwenye ile sentensi, atapata tabu kama wewe. Mwaka 1954 Peter Drucker, mtaalamu wa uongozi aliyezaliwa Vienna na kufanya kazi zake kubwa Marekani, aliandika juu ya kuongoza kwa malengo. Alisisitiza kwamba lengo la taasisi linapaswa kushuka ngazi kwa ngazi mpaka kila mmoja ajue mchango unaotarajiwa kwake, na kwamba mhusika ashiriki kulipanga lake badala ya kukabidhiwa tu. Kwenu lengo limetoka chumba cha mkutano likaruka idara zote, likatua kwenye fomu ya karani. Kazi ya kulishusha ilikuwa ya mabosi na hawakuimaliza. Wewe usisubiri waimalize, unaweza kuanzia chini ukapanda.

Tuifuate basi karatasi yako, na hapa twende polepole.

Ankara imeingia kutoka kwa mfanyabiashara wa Kariakoo. Ameagiza vifaa vya shule: madaftari, mabegi, kalamu, kontena moja la futi 40. Unailinganisha na orodha ya vifurushi na hati ya shehena, kisha unachagua namba ya HS, ile inayoonyesha aina ya bidhaa kiforodha, kwa kila bidhaa. Tarakimu 6 za mwanzo zinatumika dunia nzima, na Jumuiya ya Afrika Mashariki imezifikisha 8. Tarakimu hizo 8 ndizo zinazoamua bidhaa iangukie wapi katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya: asilimia 0, 10, 25, au ile 35 iliyoongezwa Julai 2022. Ukikosea kwenda chini, serikali imepunjwa na mteja wako amebeba deni asilolijua. Ukikosea kwenda juu, umemtoa mteja fedha ambazo angeagizia mzigo mwingine. Mtu anayeamua hayo siyo "mtu wa kuchapa".

Sasa tuseme kosa limeonekana na forodha wameirudisha kadhia ikiwa na hoja. Hoja imeingia saa tisa alasiri, wewe uko kwa kampuni ya meli unafuatilia D.O., aliyebaki ofisini hajui faili liko wapi, mteja hapokei simu. Siku imekwenda. Kesho yake mnarekebisha, keshokutwa ni Jumamosi. Wakati huo siku za bure za bandarini zinahesabiwa, Jumapili imo. Zikiisha, storeji, yaani tozo ya mzigo kukaa bandarini, inaanza kukimbia, na kwa upande wa kampuni ya meli demareji, tozo ya kuchelewesha kontena lao, inakimbia sambamba nayo. Na huu ni mwisho wa Desemba. Shule zinafunguliwa Januari. Madaftari yatakayofika dukani Februari hayatauzwa kama yale yaliyofika kabla shule hazijafunguliwa, na mfanyabiashara lazima apate pa kuirudisha ile storeji. Atairudisha kwenye bei. Mwisho wa karatasi yako yuko mzazi wa Mbagala aliyeshuka daladala Kariakoo na orodha ya vifaa vya watoto watatu, akafika kwenye daftari akaanza kupunguza idadi. Yeye hajui kama wewe upo. Lakini siku tatu zile zimemfikia.

Au chukua mzigo wa transiti, kwa sababu najua kampuni za Kurasini zinaishi pia kwa Zambia na Kongo. Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7. Ile tarakimu ya mwisho kabisa haikuwekwa kwa ajili ya kuhesabu makontena. Inakokotolewa kutokana na herufi na tarakimu zilizotangulia, ili mtu akikosea kunakili kosa ligundulike. (Kama ofisini kwenu hakuna anayeikagua tarakimu hiyo, omba mfundishwe. Ni jambo la nusu saa.) Namba ya lakiri, ule muhuri unaofungia mlango wa kontena, haina mlinzi kama huyo, mlinzi wake ni macho yako. Ukiandika 3 badala ya 8 kwenye lakiri, lori litatoka Dar, litapita Chalinze, Morogoro, Iringa, Mbeya, zaidi ya kilomita 900, na dereva atakuja kuambiwa Tunduma kwamba nyaraka na lakiri havifanani. Atalala palepale. Posho yake ilipangiwa siku za safari, haikupangiwa siku za kusubiri marekebisho kutoka Kurasini.

Na yule mwenye mzigo aliyeko Lubumbashi au Kitwe halazimiki kupitia kwetu. Akichoka na Dar es Salaam anaweza kupitisha mzigo wake Durban, Beira au Walvis Bay. Anapochagua njia, na anapochagua wakala, anahesabu siku, na anahesabu uhakika wa zile siku. Kwa hiyo lile swali la "kinara wa nini" mteja amekwisha kulijibu: mzigo utoke siku mliyosema utatoka. Kampuni ambayo mizigo yake inatoka hivyo mwaka baada ya mwaka ndiyo itakayotajwa watu wakiulizana nani wa kumpa kazi.

Sasa rudi nyuma kwa njia ileile uliyoijia. Kampuni inataka kuaminiwa kuliko wenzake. Kuaminiwa kunatokana na siku. Siku zinapotea kwenye kadhia zinazorudishwa, kwenye D.O. zilizochelewa na kwenye namba zilizokosewa. Kadhia inaandaliwa mezani kwako. Mnyororo wote ni huo, una pete nne, na unaweza kumweleza hata mama yako akiwa jikoni. Ukiona mtu anahitaji pete kumi na mbili kuifikisha kazi yake kwenye lengo, jua amezitunga.

Tuje kwenye kisanduku. Neno "bidii" limerudishwa kwa sababu halimwonyeshi msomaji chochote. Kabla hujaandika, chukua daftari la kawaida, la kurasa 48, uandike kila kadhia uliyowasilisha: tarehe, ilipita au ilirudi, na kama ilirudi, sababu yake. Kumbukumbu za miezi miwili iliyopita ziko kwenye barua pepe na kwenye mfumo, kwa hiyo huhitaji kusubiri. Utashangaa jinsi makosa yanavyopenda kurudi mahali palepale. Halafu andika kitu cha namna hii, ukiweka namba zako mahali pa hizi zangu za mfano:

"Ninaandaa na kuwasilisha kadhia za mizigo ya ndani na ya transiti. Kadhia ikipita mara ya kwanza, mteja anaokoa siku za storeji na demareji, na hizo siku ndizo zinazomfanya arudi kwetu. Aprili na Mei niliwasilisha kadhia 64, zikarudi 11: 7 kwa sababu ya namba za lakiri na kontena, 4 kwa sababu ya namba ya HS. Kufikia Desemba nalenga zinazorudi zisizidi 3 katika kila 50. Ili nifike hapo naomba wateja wahimizwe kutuletea ankara na orodha ya vifurushi siku 5 kabla ya meli kufika, na mwenzangu akague namba za lakiri kabla sijawasilisha."

Itazame sentensi ya mwisho. Watu wengi hujaza fomu hizi kama wanaokiri deni: nitafanya hiki, nitaongeza kile. Wewe umeambiwa kazi yako inabeba sehemu ya lengo. Basi una haki ya kutaja unachohitaji ili uibebe. Meneja akisoma kwamba kadhia 7 zimerudi kwa jambo ambalo jozi ya pili ya macho ingelizuia, anajua la kufanya Jumatatu. Hakuna bango linaloweza kumpa hilo. Na usiogope kuandika 11. Nimesoma fomu nyingi katika maisha yangu, na kila nilipokuta mtu aliyeandika makosa yake kwa idadi na sababu, nilijua huyu anaijua kazi yake.

Kuna kazi zako nyingine ambazo uhusiano wake umejificha, na moja ni kufaili, unayoitaja kama kitu cha kuchosha. Sheria ya forodha ya Jumuiya inataka kumbukumbu za mizigo zihifadhiwe kwa miaka 5, na forodha wanaweza kurudi kukagua mzigo uliotoka zamani na hata kuuzwa ukaisha. Siku hiyo faili lisipoonekana, mteja wako hana cha kujitetea nacho. Unapopanga faili leo unamkinga mtu dhidi ya swali la mwaka wa nne. Mimi wa boksi la masjala nakuomba hili kwa moyo wote: usilale na karatasi chini ya meza.

Na kuna kazi ambazo hazina uhusiano na chochote. Hili wataalamu wengi wa fani yangu hawapendi kulisema, wanataka kila kitu kiunganishwe, hata chai ya wageni. Mimi nasema ukiifuata karatasi ukakuta imekufa njiani, usiitungie maana. Labda kila jioni unaandaa ripoti ya nakala tatu, na ukiulizia unakuta nakala mbili zinaishia kwenye droo ya mtu aliyehamishwa idara mwaka juzi. Ripoti hiyo inakula muda ambao ungetumika kukagua lakiri. Nenda kwa msimamizi wako kwa adabu, umwambie: "Naomba mwongozo. Ripoti hii inamfikia nani, na anaitumia kwa uamuzi gani? Kama hakuna, naomba ruhusa niisitishe kwa mwezi mmoja tuone." Mwezi ukipita bila mtu kuiulizia, umekwisha kujibiwa.

Sasa nikuonye juu ya namba, kwa kuwa nimekutuma uzihesabu. Namba ni mtumishi mzuri mpaka siku watu wanapoanza kuiogopa. Mwaka 2016 benki ya Wells Fargo ya Marekani ilitozwa faini ya dola milioni 185. Wafanyakazi wake walikuwa wamewekewa malengo makali ya kumuuzia kila mteja akaunti na huduma nyingi, na wengi wao wakaanza kuwafungulia watu akaunti ambazo hawakuziomba, ili namba zitimie. Benki ilisema imewafukuza kazi watu wapatao 5,300. Karatasini kila mmoja wa wale alikuwa ameunganishwa barabara na lengo la benki. Kilichokuwa kimesahauliwa ni mteja.

Kwenu jambo hili litakuja kwa sura nyingine. Bosi akisoma fomu yako akafurahi, anaweza kusema: vizuri, kuanzia sasa kila karani kadhia 10 kwa siku. Utaona watu wanavyokimbilia mizigo myepesi ya bidhaa moja, na kontena la mchanganyiko wa bidhaa 40 likizungushwa kutoka meza hadi meza. Kwa hiyo pendekeza namba mbili zinazochungana: ngapi zimewasilishwa, na ngapi kati ya hizo zimepita mara ya kwanza. Anayeongeza ya kwanza kwa kuharibu ya pili ataonekana. Na mizigo migumu ihesabiwe peke yake.

Umeniambia jambo hili limekukaa rohoni, kwa hiyo nikupe na dawa ambayo haimo kwenye fomu. Adam Grant, mtafiti wa Marekani, pamoja na wenzake walichapisha mwaka 2007 utafiti uliofanyika kwenye kituo cha simu cha chuo kikuu kimoja. Vijana waliajiriwa kuwapigia watu simu kuomba michango ya fedha za ufadhili wa wanafunzi. Ni kazi ya kukataliwa kutwa nzima. Kundi moja lilikutanishwa kwa dakika kama 5 na mwanafunzi aliyesomeshwa na fedha zile, wakamuuliza maswali ya maisha yake. Mwezi mmoja baadaye, muda ambao kundi lile lilitumia kwenye simu kwa wiki ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 142, na fedha walizoleta kwa asilimia 171. Mshahara ulikuwa uleule. Walichopata ni kuiona sura ya mtu aliye mwisho wa kazi yao.

Wewe hiyo sura unaweza kuitafuta bila bajeti. Wakati wa mapumziko ya mchana shuka yadi, umtafute dereva aliyerudi kutoka Tunduma, umuulize ni wapi hukwama na kwa sababu gani. Siku mteja wa Kariakoo akija kulipa, usimwachie mhasibu peke yake. Muulize mzigo uliopita ulimfikia lini na aliuuzaje. Ukiwa Kariakoo kwa shughuli zako, pita dukani kwake. Nimewahi kumshauri meneja mmoja awapeleke makarani wake watatu bandari kavu nusu siku, waone kontena linavyofunguliwa na mkaguzi akiwa ameshika zile karatasi walizoandika wao. Alilalamika kwamba anapoteza nusu siku ya kazi. Wiki iliyofuata aliniambia makarani wameanza kumpigia wenyewe kuuliza habari za mizigo iliyotoka, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Mwalimu wako wa nyumbani mpe salamu zangu. Naelewa uchovu wake. Mwaka 2004 serikali ilipoleta OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji wa watumishi, badala ya zile taarifa za siri ambazo mtumishi hakuwa akiona alichoandikiwa, wengi tulifurahi, kwa kuwa mtumishi alipewa nafasi ya kukaa na mkuu wake na kukubaliana malengo. Baadaye nikaona fomu zinanakiliwa za mwaka jana, ikibadilishwa tarehe tu. PEPMIS imepeleka kazi hiyo kwenye mfumo wa kompyuta, na mfumo unaweza kukumbusha tarehe, lakini hauwezi kufanya yale mazungumzo kwa niaba ya watu wawili. Mwambie ajaribu jambo moja tu. Pale anapoandika kazi ndogo, mathalani "kusahihisha madaftari ya Darasa la Tatu", aongeze anachokitafuta humo: watoto wangapi bado hawawezi kusoma aya moja kwa ufasaha, na wangapi anataka waweze kabla ya likizo ya Juni. Karatasi ya mwalimu haina safari ndefu kama yako. Mtu wa mwisho ameketi dawati la mbele.

Limebaki jambo moja, na nilisitasita kuliandika kwa sababu hukuliuliza. Nilikwambia ufuate karatasi mpaka mwisho. Mara chache mtu huifuata akakuta kitu ambacho asingependa kukiona. Katika biashara yenu inajulikana: mteja anataka ankara ya pili yenye thamani ndogo, au anataka bidhaa iandikwe jina lenye ushuru wa chini, na mtu ndani ya ofisi anasema hii ndiyo njia ya kuwa wepesi na kupata wateja wengi. Kushusha thamani kwa makusudi ni kosa kisheria, na akaunti iliyotumika kuingiza kadhia ina jina la mtu. Usije ukakubali lengo la kampuni litumike kama blanketi la kufunikia jambo hilo. Ukiambiwa uandike usichokiona kwenye nyaraka, omba maelekezo hayo kwa maandishi. Mara nyingi maandishi hayaji, na shinikizo linakwisha hapo. Lisipokwisha, niandikie tena, tutazungumza habari za kutafuta meza nyingine, maana karani anayejua namba za HS na aliye mwaminifu hakosi pa kwenda katika mji huu wenye bandari.

Kwa sasa, Jumatatu na Jumanne pekua kumbukumbu za miezi miwili ujaze lile daftari. Jumatano mpelekee mwenzako aliyerudishiwa fomu, mlinganishe sababu zenu. Nahisi mtakuta hoja zinazofanana, na mkienda kwa meneja wawili na ombi moja mtasikilizwa zaidi. Alhamisi andika kisanduku chako. Na dereva wa Tunduma usimwache mpaka umuulize ile lakiri.